Nilisema Niliona Dirishani

Mwezi uliopita nilikuwa saluni Bunda mjini, nasukwa rasta. Ilikuwa Jumamosi mchana, wateja wengi, chumba kizima kinanuka mafuta ya nywele yaliyopata moto wa draya. Ukutani kulikuwa na televisheni, na mwenye saluni alikuwa ameweka filamu ya zamani ya kizungu, zile zenye dijei anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Sikuwa natazama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, dada anayenisuka amekishika kwa nguvu kama nazi. Nikasikia dijei anasema, "Huyu mzee msimwone hivi, huyu ni nyoka," na wanawake wakacheka. Nikainua macho. Alikuwa yeye. Alikuwa kijana kuliko nilivyomjua mimi, na nywele nyeusi za bandia, lakini pua ilikuwa ile ile, ndefu, imepinda kidogo kuelekea kushoto. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jumba kubwa, ameshika sinia, anamsikiliza tajiri wake. Baada ya dakika chache wakampiga risasi, akaanguka kwenye ngazi.

"Afadhali," alisema mama mmoja aliyekuwa chini ya draya.

Nilimwomba dada anipishe. Nilitoka na nusu ya kichwa imesukwa, nikasimama nyuma ya saluni karibu na pipa la maji mpaka nikasikia wameweka muziki. Dada alipokuja kuuliza kama naumwa, nilimwambia ni joto tu. Na umri wote huu, bado nilidanganya.

Mliokulia Musoma wakati mmoja nami hamtahitaji maelezo mengi. Mtakumbuka mabanda ya video yaliyojaa kuzunguka soko, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta inanguruma nje. Mtakumbuka tulivyowagawa watu wa filamu mafungu mawili tu, steringi na maadui. Na mtakumbuka ubishi wa njiani kutoka shule, kama wanaokufa kwenye video wanakufa kweli. Mimi nilikuwa upande wa waliosema wanakufa kweli. Msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa ametueleza kwamba wazungu huchukua wafungwa waliohukumiwa kunyongwa, wanawavalisha suti, halafu wanawapiga risasi mbele ya kamera. Ndiyo maana steringi hafi, kwa sababu yeye si mfungwa. Kwangu hoja ile haikuwa na tundu hata moja. Nilikuwa na miaka kumi.

Kwetu ilikuwa Buhare, pembeni ya mji. Baba alikuwa fundi baiskeli sokoni. Mama alikuwa akipika na kufua kwa wazee wawili waliojenga kwenye mwinuko, mahali unapoliona ziwa lote mpaka linapoungana na mbingu. Bibi wa nyumba ile tulimwita Bibi Nesi. Jina lake lilikuwa Tabitha, mzaliwa wa Kibara, aliyekwenda Uingereza kusomea unesi akiwa binti na kukaa huko mpaka mvi zikamkuta. Aliporudi alirudi na mume, mzungu mrefu aitwaye Leni, ambaye sisi watoto tulimwita Babu Leni. Kiswahili alifundishwa na mkewe, kwa hiyo alikisema kama mtu wa kwetu, pamoja na zile "ga" ambazo walimu walitukataza shuleni. "Mimi nakunywaga chai saa kumi," alikuwa akisema, na mama ilibidi aingie jikoni acheke.

Shule zikifungwa nilikuwa nashinda pale. Mama anafua, mimi nakaa kwenye ngazi nachambua maharage, na Babu Leni anakaa kwenye kiti cha kamba na kunisimulia maisha yake. Baba yake alikuwa muuza nyama katika mji wa baridi na moshi. Yeye alitakiwa arithi bucha, lakini akafukuzwa kwa sababu alikuwa akiwaigiza wateja wakishatoka, na siku moja mteja mmoja alirudi kuchukua mwavuli wake. Akajiunga na kikundi cha maigizo kilichozunguka miji midogo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba kiti, kukiweka katikati ya jukwaa, na kutoka. Alikifanyia mazoezi kiti kile wiki nzima. Baadaye akaingia kwenye filamu. Alikuwa mtumishi wa tajiri, polisi, mlevi, mnunuzi wa watumwa, daktari, askari mkatili, tena askari mkatili.

"Sijawahi kuwa mtu mkubwa wa filamu hata siku moja," alisema. "Jina langu lilikuwa linakujaga chini kabisa, watu wameshaanza kuvaa makoti waende nyumbani."

"Kwa nini, Babu?"

Akaigusa pua yake. "Ukiwa na pua hii hawakupi mke wa kumpenda. Wanakupa bunduki."

"Mke nilimpa mimi," Bibi Nesi alisema kutoka ndani, na Babu Leni akafumba macho kwa raha kama mtu aliyekunwa mgongo.

Walikutana hospitalini. Alikuwa anaigiza askari, farasi akamkataa, akavunjika mguu. Bibi Nesi ndiye aliyekuwa zamu. Alitusimulia mara nyingi jinsi watu wa wodini walivyokuwa wakimchungulia mlangoni kwa woga, mtu mbaya wa kwenye filamu, na huku Babu Leni amemshika yeye mkono, analia kwa sababu ya sindano. Hakuwa amemwona kwenye filamu yoyote. "Nilimwona analia kwanza," alisema. "Sikuwahi kumwogopa."

Mara nyingine, maharage yakiisha, nilimwomba Babu Leni aniigizie. Alisimama, akatulia kidogo, halafu akageuka mchungaji wa kanisa letu. Havai kitu, habadilishi sauti sana. Mabega tu yanapanda, shingo inaingia ndani, na mchungaji anakuwa yupo pale barazani anatafuta miwani. Kisha anageuka yule mama muuza furu, samaki wadogo wa ziwani, aliyekuwa akipita kila Jumanne, na unaona kabisa uzito wa beseni kichwani. Nilicheka mpaka tumbo likauma. Lakini nitasema ukweli, nilikuwa naogopa kidogo pia. Nilijiuliza akiwa mama wa furu, Babu Leni mwenyewe anakuwa wapi.

"Nimeua watu wengi, Nyangeta," aliniambia siku moja, anacheka. "Lakini nimekufa mara nyingi zaidi."

Niliyapokea kama maneno ya kanisani. Mchungaji naye alikuwa akisema alikufa katika dhambi. Nikaendelea kuchambua.

Kisha Bibi Nesi akaanza kuumwa. Alipungua mpaka kanga zikawa zinamzunguka mara mbili. Aliijua hali yake kuliko madaktari, akakataa kupelekwa mbali. Babu Leni ndiye aliyemuuguza. Mama alipika uji wa ulezi, yeye akaupokea, akasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko kwa sababu koo la mkewe lilikuwa halipitishi, akavitia kwenye kikombe na kukoroga. Alikuwa na namna yake ya kukoroga. Mizunguko mitatu ya taratibu, halafu anagonga kijiko mara mbili kwenye mdomo wa kikombe. Ukisikia kijiko kimegonga mara mbili ulijua Babu Leni anatoka jikoni.

Alifariki asubuhi moja ya mvua. Tulimzika kwao Kibara. Babu Leni alikaa chini na wafiwa siku zote za msiba, suruali yake imejaa vumbi, anakula kwa mkono kutoka sinia moja na shemeji zake. Mzee Masatu, kaka mkubwa wa Bibi Nesi, alimshika bega kaburini na kumwonyesha nafasi iliyokuwa kando. "Hapa patakuwa pako, shemeji," alimwambia. "Usifikirie kwingine." Nilimwona Babu Leni anaiangalia ile ardhi kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa chumba atakachopanga, na amekipenda.

Miezi kadhaa ilipita. Siku moja mama alinituma sokoni kununua sabuni ya mche. Kwetu video ilikuwa marufuku. Mama alikuwa mtu wa kwaya, na alikuwa ameshaniahidi kwamba akisikia nimeingia kwenye mabanda yale atanichapa mpaka majirani waje kuamua. Sikuingia. Nilipita nyuma ya banda moja palipokuwa na tundu la msumari kwenye bati, nikaweka jicho. Bati lilikuwa la moto, lilinuka kutu na jasho la watu wa ndani.

Nilimwona Babu Leni. Amevaa koti jeusi, nywele zimelala kwa mafuta, yuko ndani ya chumba chenye kitanda kikubwa, na kitandani kuna mwanamke mgonjwa. Alifungua kikaratasi akamimina unga kwenye kikombe. Akakoroga mizunguko mitatu ya taratibu. Akagonga kijiko mara mbili.

"Kunywa mke wangu, kunywa upone," alisema dijei kwa sauti ya kubembeleza, halafu akabadilisha sauti kuwaambia watazamaji, "Huyu mama hajui kama leo ndiyo mwisho wake."

Mwanamke akanywa. Babu Leni akatabasamu. Tabasamu lile sikuwahi kuliona usoni pake hata mara moja. Mtu fulani akanivuta sikio kutoka nyuma, mkusanya viingilio, akanifukuza. Sikuona mwanzo wa filamu wala mwisho. Niliondoka nikikimbia, na sabuni nikaisahau.

Sasa ninapoyaandika naona jinsi yalivyoungana yote kichwani mwa mtoto. Alikuwa ameniambia kwa mdomo wake ameua watu. Alikuwa na uwezo wa kugeuka mtu mwingine huku namtazama. Na video, kwa akili yangu, ilikuwa inaonyesha mambo yaliyotokea kweli. Kwa hiyo nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba Babu Leni alimuua Bibi Nesi kwa uji. Mpaka hapo najisamehe. Nilikuwa mtoto, nilielewa vibaya. Aibu yangu haianzii hapo.

Wiki hiyo alikuja Mama Perusi, mdogo wake Bibi Nesi, kutoka Kibara, kuja kuchukua nguo za marehemu ili zigawanywe kwa ndugu kama ilivyo desturi. Alikuwa bado na uchungu mbichi. Alikuwa akikunja gauni moja, anasimama, analinusa, anakaa. Aliona nimeacha kukaa barazani. Aliona Babu Leni ameniletea kikombe cha chai, na mimi nimekimwaga kwenye maua. Akaniita jikoni.

"Mbona siku hizi unamkimbiaga mzee?" aliuliza.

Nikavuta uzi uliotoka kwenye pindo la sketi yangu.

"Amekufanya nini?"

"Mimi hajanifanya kitu."

"Nani sasa?"

Nikasema, "Alimwekea Bibi dawa kwenye uji. Ya kumuua."

Mama Perusi aliliweka chini gauni alilokuwa nalo mkononi. Alinisogelea akachuchumaa, uso wake na wangu sawasawa. "Nani amekwambia?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeonea wapi?"

Ni swali dogo. Jibu la kweli lilikuwa na maneno machache tu: kwenye video, sokoni. Kama ningelisema, Mama Perusi angecheka, au angenifokea, na jioni mama angenichapa, na mambo yangeishia kwenye miguu yangu. Lakini niliiona ile fimbo. Niliiona kabisa, ilikuwa inakaa juu ya kabati letu. Nikatazama pembeni, macho yakatua kwenye dirisha.

"Dirishani," nikasema. "Nilikuwa nje, nikaona dirishani."

Mama Perusi aliondoka kesho yake bila kumaliza kukunja nguo.

Walirudi Jumapili baada ya ibada. Mzee Masatu, mzee mwingine wa ukoo, na Mama Perusi. Wakakaa sebuleni na Babu Leni, na mama yangu akaitwa kwa kuwa yeye ndiye mpishi. Babu Leni alidhani wamekuja kupanga siku ya kuweka msalaba kaburini. Alikuwa amekwisha kuuchongesha, maneno ya lugha ya kwao Kibara yameandikwa vizuri, uko umesimama ukutani pale pale sebuleni. Aliwapokea anatabasamu, akawatengea chai. Hakuna aliyeigusa.

Mzee Masatu alikuwa mtu wa haki, naamini hivyo mpaka leo. Hakupandisha sauti. "Shemeji," alisema, "kuna neno limefika nyumbani, na mimi siwezi kulilalia. Aseme mwenye kuliona."

Nikaitwa nisimame katikati. Mkeka ulikuwa unanichoma nyayo. Nikarudia yote: kikombe, unga, mizunguko mitatu, kijiko mara mbili. Nilieleza vizuri sana. Kila mtu aliyewahi kufika nyumba ile aliijua ile namna ya kukoroga, na nilipofika kwenye kijiko nilimwona Mama Perusi anajifunika uso kwa kanga.

"Dirisha gani?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"La jikoni."

Mama alinitazama. Alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia mikono yake.

Babu Leni aliinama mbele kwenye kiti mpaka macho yake yakawa chini kidogo ya yangu. "Nyangeta," alisema. "Uliniona mimi?"

Na kwa kweli nilikuwa nimemwona yeye. "Ndiyo," nikasema.

Alingoja, kama aliyedhani nina neno lingine la kuongeza. Kisha mabega yake yakashuka, taratibu, na mtu aliyekaa pale akawa mzee sana ambaye sikuwa nimemwona kabla ya siku ile. Nilijisemea moyoni, ndiye huyu, ndiye muuaji mwenyewe, ametoka. Ndivyo nilivyojisemea.

Hawakumpeleka polisi. Mzee Masatu alimwambia tu asikanyage tena Kibara, wala siku ya msalaba wala siku nyingine, na ile nafasi aliyoonyeshwa asiihesabu. Wakaubeba msalaba wakaondoka nao. Mama aliacha kazi siku hiyo hiyo. Watu wa Buhare hawakufanya fujo, waliacha tu kupanda mwinuko. Muuza furu alibadili njia. Watoto tulikuwa tukipita kwa mbali tunaigonga mikebe kwa vijiko, mara mbili, mara mbili, halafu tunakimbia. Ni mimi niliyeuanzisha mchezo ule. Babu Leni alikuwa barazani, anainua kichwa kila tukigonga.

Kabla mwaka haujaisha aliondoka. Nyumba aliwaachia ndugu wa mkewe, na kila kitu ndani, bila kubishana neno. Watu wakasema angekuwa hana hatia angepigania. Alipita mbele ya kwetu amekaa kando ya dereva wa pikapu, sanduku moja nyuma. Nilijificha ndani.

Niliishi na jambo hilo miaka sita bila kulitilia shaka, na hata niliona fahari kidogo. Kisha nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni Bunda, tuliandaa igizo la mahafali. Nilipewa nafasi ya mama wa kambo. Nilimnyima chakula mtoto wa kufikia, nikamfungia nje, nikamchapa kwa kandambili. Niliigiza kwa bidii, ukumbi wote ulinizomea, nikafurahi. Baada ya igizo nilikwenda jikoni kwa mpishi wetu. Alikuwa na binti mdogo, Neema, wa miaka sita hivi, rafiki yangu sana, niliyekuwa nikimsuka nywele kila Jumapili. Nikampa andazi. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akajikojolea.

"Neema, ni mimi," nikasema.

"Nimekuona," alijibu. "Ulimpiga."

Nilisimama na lile andazi mkononi. Mpishi anacheka, anamwambia mwanawe huyu ni dada yako, alikuwa anaigiza tu. Neema hakumsikia. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Na pale, na harufu ya mafuta ya maandazi puani, nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja: koti jeusi, tundu la msumari, sauti ya dijei.

Likizo iliyofuata tulikuwa Butiama kwa bibi yangu, mzaa mama. Nilikuwa na mama shambani tunamenya mihogo ya kuvundika kwa ajili ya unga wa udaga. Nilimwambia. Nilimwambia yote, mpaka sabuni niliyoisahau. Nilitegemea anipige, hata ukubwa ule. Aliendelea kumenya muhogo mmoja mpaka ukaisha.

"Dirisha la jikoni kwa Nesi," alisema, "mimi mwenyewe lilikuwa linanipita kimo. Na lilikuwa na wavu mzito, huoni kitu."

"Ulijua?"

"Nilijua hukuona dirishani. Sikujua umeona wapi."

"Kwa nini hukusema, mama?"

Alichukua muhogo mwingine. "Uji nilikuwa naupika mimi," alisema. "Kama si yeye, wangeuliza nani?"

Tulimenya mpaka karai likajaa. Kisha akanawa mikono akasema tutakwenda Kibara.

Tulikwenda. Mzee Masatu alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, na Mama Perusi ndiye aliyekuwa akimtunza. Nilipiga magoti nikasema. Mzee Masatu aliuliza mara mbili maana ya dijei, kwa kuwa hakuwahi kuona kitu hicho. Alipoelewa, taya zake zikaanza kutafuna kitu kisichokuwepo. Mama Perusi alilia kwa hasira, si kwangu. "Nilikuuliza mara moja tu," alisema. "Umeonea wapi, basi. Ningekuuliza mara ya pili ungesema, si ndiyo? Sikutaka kuuliza mara ya pili. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu."

Mzee Masatu alimwandikia Babu Leni barua kwa anwani iliyokuwa nyuma ya bahasha za zamani za dada yake. Tulingoja miezi mingi. Jibu lilikuja kwa Kiswahili, mwandiko unatetemeka. Walituita twende tukasomewe. Alianza kwa salamu, moja moja, hakumruka mtu. Halafu aliandika hivi: "Nyangeta alikuwa mtoto wa miaka kumi. Watu wazima sebuleni tulikuwa watano, na mimi nikiwemo. Hata mimi ningeweza kusema njooni tukatazame hilo dirisha. Sikusema. Maisha yangu yote nilipewa kazi ya kuwa mtu mbaya, na kila mara ikifika mwisho mtu anasema basi, imetosha, tukapumzike. Siku ile nilikaa nangoja mtu aseme basi."

Mzee Masatu alisoma mpaka hapo, akavua miwani. Mama alikuwa anaangalia mikono yake, kama siku ile.

Walimwandikia tena, kwamba nafasi yake ipo, aje wakati wowote. Alijibu kwa kadi fupi kwamba miguu imekataa. Baada ya hapo kimya.

Barua ya mwisho ilitoka kwa mpwa wa Babu Leni, binti wa dada yake. Ilikuwa ya Kiingereza, na mimi wakati huo nilikuwa nimeajiriwa ofisi ya wilaya Butiama, kwa hiyo wakanisubiri mimi niende Kibara kuitafsiri. Tulikaa uani kwa Mzee Masatu, mama, Mama Perusi na mimi. Niliwasomea kwamba Babu Leni amefariki usingizini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na amezikwa huko huko karibu na wazazi wake. Niliwasomea kwamba alikuwa akiwaongelesha manesi kwa Kiswahili. Mama Perusi alitikisa kichwa akatabasamu kidogo.

Iliyofuata ilikuwa aya moja ambayo mpwa wake aliiandika kama jambo la kuchekesha. Alisema Krismasi ya mwisho wazee wa nyumba ile waliandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na kwa kuwa mjomba wake alikuwa mwigizaji wa kweli, walimpa nafasi kubwa, ya Mfalme Herode. Alikataa. Aliwaambia amechoka kuwa mtu mbaya, akauliza kama hakuna nafasi ya mtu mwema, hata ndogo namna gani, hata isiyo na maneno. Wakampa mchungaji wa kondoo. Alisimama pembeni ya jukwaa na fimbo yake tangu mwanzo mpaka mwisho, wakamletea kiti, hakukaa.

Niliisoma aya ile kwa macho tu, mara mbili, bila kuwatafsiria. Kisha nikakunja karatasi.

"Ndiyo yote?" Mzee Masatu aliuliza.

"Ndiyo yote, Babu," nikasema.